Simu Ina Mikono Mingapi?

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kwetu Zanzibar mifuko hiyo ilikatazwa tangu mwaka 2006, kwa hiyo kwangu ilikuwa Jumamosi ya kawaida ya kumi la mwisho la Ramadhani. Nilikuwa sokoni Darajani na kikapu cha ukili alichonisukia mama mkubwa. Nilikiweka juu ya meza ya muuza ndizi, nikakipiga picha kikiwa na mchicha na nazi mbili, nikaitia picha Instagram. Ukurasa wangu ulikuwa na wafuasi mia tatu na kidogo, wengi wao jamaa na watu niliosoma nao. Chini ya picha niliandika maneno manane tu: "Bara mnatafuta mifuko? Sisi vikapu tunavyo tangu zamani."

Jumatatu jioni nilikuwa na oda 46. Nyingi za Dar es Salaam, kadhaa za Dodoma na Mwanza, moja ya Mbeya. Wengine walituma pesa kabla hata sijawajibu vizuri. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya skuli, mshahara ukiishia katikati ya mwezi, na kwa siku tatu simu ile iliniingizia zaidi ya mshahara wa miezi miwili. Kila aliyeniuliza atapata lini nilimjibu jibu moja: wiki moja, inshallah.

Sikukuu pili nilipanda daladala kwenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, kutoa mkono wa Idi, na kumpa mama mkubwa habari ile njema. Nilimkuta barazani na jirani zake, nguo mpya bado zina mikunjo ya dukani, sinia la vileja katikati. Nilipomaliza kusalimia nikamwambia.

"Oda ngapi?" akauliza.

"Arubaini na sita, mama. Nimewaahidi wiki moja."

Akanyamaza. Jirani mmoja akacheka kidogo, kisha akaacha alipoona mwenzake hacheki. Mama mkubwa akafuta mikono yake kwenye kanga, akanitazama usoni.

"Mwanangu, hiyo simu yako ina mikono mingapi?"

Sikuwa na jibu. Nilizaliwa na kukulia ndani ya ukili, nimelala juu ya mikeka yake, nimepeleka chakula msikitini kimefunikwa kawa, na bado sikujua kikapu kimoja kinachukua muda gani. Nilikuwa nimeuza kitu nisichokijua.

Kazi ile huanzia porini, mbali na baraza. Miyaa hukatwa ikingali changa, kabla jani halijafunguka. Hupasuliwa na kuanikwa mpaka ule ukijani uondoke na ibaki nyeupe, kisha huchanwa kwa ncha ya kisu, chane nyembamba zinazolingana. Za rangi huchemshwa kwenye sufuria na rangi ya unga, zikaanikwa tena. Hapo ndipo mtu hukaa kusuka, na kusuka kwenyewe kunapata saa zilizobaki baada ya kupika, kwenda shamba, na kwa wengi wa pwani ya kusini, kushuka baharini kwenye mwani maji yakitoka. Ukili ukishapatikana hupimwa kwa pima, mikono ikinyooshwa huku na huku, ndipo unaposhonwa kwa kuzungushwa kuanzia kitako. Kikapu cha sokoni cha kadiri kinakula pima saba hivi. Msukaji mwenye mkono mwepesi hukitoa kwa siku tano. Nilikuwa na wasukaji wanne, mama mkubwa akiwemo. Oda 46, siku tano kila kimoja, watu wanne: siku 57 na nusu, bila kuhesabu sikukuu wala maradhi.

Nilirudi mjini usiku ule nikawaandikia wote 46, mmoja mmoja, kwa kuwa ujumbe wa kunakili mtu huutambua. Niliwaeleza kwamba nimewapa ahadi ya uongo kwa kutokujua, nikawaeleza jinsi kikapu kinavyotengenezwa, nikawaambia anayetaka pesa yake nitairudisha siku hiyo hiyo. Watu 19 walitaka. Niliwarudishia kamili, makato ya kutuma nikayabeba mwenyewe. Waliobaki 27 walisubiri. Julai ikaja na Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya, na siku hizo Makunduchi hakuna anayekaa kusuka. Kikapu cha mwisho kilipanda boti tarehe 2 Agosti. Kati ya wale 27, zaidi ya nusu ni wateja wangu hadi leo, na nina hakika kilichowashika ni ule ujumbe kuliko kikapu.

Jambo la pili alinifunza mama mkubwa bila kusema neno. Alipokuwa anasuka kikapu kimoja cha oda zile, kila alipokaa kitako kufanya kazi yake, kikao cha saa moja hivi, alifunga fundo kwenye utepe mwembamba wa miyaa. Nilipokwenda kuchukua mzigo akanipa kikapu na utepe. Nikahesabu mafundo 23. "Haya matatu ya kuchana na kuchemsha rangi," akasema, akiyapitisha vidoleni kama tasbihi. "Haya manne ya kushona. Mengine yote kusuka."

Nilikuwa nauza kikapu shilingi 15,000 na kumpa msukaji 8,000, nikijiona mkarimu kwa sababu wachuuzi wa mjini walikuwa wakiwapa chini ya hapo. Gawa 8,000 kwa 23. Hazifiki shilingi 350 kwa kikao. Nilipiga hesabu ile kwenye daladala, na njia nzima sikuweza kuitazama simu. Utepe ule bado ninao, umetundikwa ukutani juu ya meza ninapofungia mizigo.

Nikapandisha bei mpaka 35,000, msukaji apate 20,000, nusu yake mkononi kabla hajachana miyaa. Zinazobaki zinalipia rangi, nauli, maboksi, bando la simu, vikapu vinavyoharibika, na mimi. Miezi mitatu ya mwanzo mauzo yaliporomoka. Watu waliniandikia kwamba nimelewa sifa, kwamba vikapu kama hivyo Kariakoo viko kwa bei ya chee. Niliwajibu kwa heshima wakanunue Kariakoo, maana ni kweli vipo, na waliovisuka nao wanahitaji wateja. Lakini sikushusha. Bei ya kazi ya mkono haipangwi kwa kutazama ya jirani. Inapangwa kwa kuhesabu mafundo, na asiyeyahesabu, mwenye kulipia tofauti ni mwanamke aliyekaa barazani.

Hapa niseme jambo linaloniudhi katika biashara zetu za mtandaoni: ile "bei njoo DM". Nimewahi kuifanya na najua kwa nini tunaifanya. Tunataka mtu aje tumpime, huyu wa Masaki tumtajie hivi, yule wa Temeke vile. Mteja anajua. Nilipoanza kuandika bei juu ya kila picha, pamoja na vipimo na siku za kusubiri, maswali yalipungua na oda zikaongezeka, kwa sababu anayeandika sasa anakuja kununua. Na anayeomba "bei ya mwisho" naye anajibiwa upesi: ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Vipimo navyo nilivijua kwa hasara. Mteja mmoja wa Mwanza aliagiza kikapu akidhani ni cha kubebea nguo za safari, kikamfikia cha kutilia mikate. Picha ilikuwa nzuri, imepigwa karibu, hakuna kitu pembeni cha kulinganishia. Hakuwa na kosa. Tangu hapo naandika sentimita za mdomo na za kimo, na kwenye picha moja naweka nazi ndani, maana kila mtu anaijua nazi. Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli, kwa sababu sokoni mtu anashika, ananusa, anavuta mkono wa kikapu aone kama utakatika. Kwenye kioo cha simu hashiki kitu. Macho yake hayana mkono, na muuzaji ndiye anayepaswa kumshikia: aseme kina uzito gani, kinanukaje kikiwa kipya, kikilowa kinakuwaje.

Hilo la kulowa nililikwepa, likanigharimu.

Kulikuwa na oda ya vikapu vya zambarau na nyekundu, rangi zinazopendwa sana. Mteja wa Dodoma alinunua kimoja kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Alivaa gauni jeupe, akakibeba kikapu mkononi, mvua ikamkuta anashuka garini. Alinitumia picha usiku ule. Upande wa kulia wa gauni, kuanzia kiunoni mpaka gotini, palikuwa na michirizi ya zambarau, na katikati yake alama ya ukili kabisa, mstari kwa mstari, unaweza kuhesabu chane. Hakutukana. Aliandika: "Dada, niambie nifanye nini." Heri angetukana.

Nilirudisha pesa ya kikapu na nikalipa gauni kwa awamu mbili. Kisha nikaenda Makunduchi tukakaa wote kuuliza kosa liko wapi. Ilionekana kila mmoja alikuwa akichemsha kwa namna yake. Mmoja alizitoa chane mapema kuokoa kuni, mwengine hakuzisuuza, mwengine alianika kivulini kwa sababu uwanja wa jua ulikuwa na karafuu za watu. Tulikubaliana jambo moja lililo rahisi na gumu kwa pamoja: chane zikishachemshwa zisuuzwe mpaka maji yatoke meupe, na kabla ya kikapu kuondoka nakifuta kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikishika rangi, kikapu hakiendi. Wiki ya kwanza vilirudi tisa kati ya kumi na mbili. Wasukaji walinuna, na walikuwa na haki, kwa kuwa maji ya kusuuzia yanatekwa na mtu. Tukaongeza malipo ya rangi. Siku hizi hurudi kimoja kwa mwezi, au hakirudi hata kimoja.

Masika ina somo lake, na hilo ni fupi. Mzigo uliofungwa Aprili ndani ya nailoni ulifika Uingereza ukiwa na ukungu wa kijani mpaka kwenye mikono ya vikapu. Sasa vya kusafiri mbali tunavisuka na kuvikausha katika kaskazi, Desemba mpaka Februari jua likiwa kali, na tunavifunga kwa karatasi. Mvua zikianza, oda za nje zinasimama mpaka kipupwe.

Machi 2020 korona ilipoingia, watalii walikatika. Mji Mkongwe uliokuwa umejaa watu mchana na usiku ukabaki na paka na walinzi. Maduka ya Hurumzi na Gizenga yalifungwa, na maduka hayo ndiyo yaliyokuwa yakinunua sehemu kubwa ya ukili wa Unguja na Pemba. Wanawake ambao hawakuwahi kunihitaji walianza kunipigia. Katika mwezi mmoja wasukaji wangu walitoka wanne wakawa 17, na Tanzania ilikuwa imesitisha ndege za abiria za kimataifa kuanzia katikati ya Aprili. Nilikaa na simu nikijiuliza nani atanunua vikapu watu wakiwa majumbani.

Waliotuokoa walikuwa watu wetu wenyewe walio mbali. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, na Mzanzibari aliyefungiwa ndani Muscat, London au Toronto alikuwa anaitamani nyumba ya kwao. Hawakuagiza vikapu. Waliagiza misala ya kusalia na makawa ya kufunikia futari. Sikuwahi kuweka kawa hata moja kwenye ukurasa wangu, nikidhani ni kitu cha bibi zetu. Mwanamke mmoja wa Muscat alinitumia sauti, akinieleza kwamba mama yake alitoka Unguja akiwa msichana, na anataka kawa lenye ncha, lenye nyekundu na kijani, "kama yale". Hakuwa na picha. Nilimpelekea mama mkubwa ile sauti, akaisikiliza mara mbili, akasema anajua ni lipi. Lilipofika, miezi miwili baadaye ndege zilipofunguka, mama yule alipigwa picha amelishika kifuani kwa mikono miwili.

Nilijifunza kutoka hapo kwamba kitu tunachokiona cha kawaida kwa sababu kimejaa nyumbani ndicho ambacho mwengine amekikosa kwa miaka. Nilikuwa nikihangaika kutafuta mitindo ya nje, niweke ngozi, niweke zipu, ilhali kawa linakaa juu ya kabati. Nikajifunza pia kutotamani vya wenzetu. Kila mwezi mtu hunitumia picha ya kikapu cha Iringa cha milulu, au kiondo cha Ukambani cha katani, akiniuliza kama tunaweza kumtengenezea. Huenda tungeweza kuiga. Namwambia Iringa wapo mafundi wa milulu na Ukambani wapo wa katani, akawatafute. Mkono una kwao.

Soko la nje ni zuri lakini si la kukurupukia. Tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya unatoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwenye kifurushi cha euro tano. Marekani nayo ilikuwa ikiruhusu kifurushi kisichozidi dola 800 kuingia bila ushuru, na kuanzia 29 Agosti 2025 msamaha huo umeondolewa kwa nchi zote. Mimi namwandikia mteja kabla hajalipa: ushuru utakuwa wako, na thamani nitakayoandika kwenye fomu ni ileile uliyonilipa. Wapo wanaoniomba niandike ndogo. Sikubali. Mzigo ukipotea haulipwi zaidi ya thamani iliyoandikwa, na zaidi ya hapo, siwezi kumwambia mtu kikapu kina mafundo 23 halafu nimwambie afisa wa forodha ni kitu cha bure.

Hata ndani ya nchi njia ina gharama zake. Mabasi ya mikoani yalipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi mwaka 2021, bodaboda ya kutoka bandarini ilipanda bei, na mwezi mzima nilikuwa natoa mfukoni kwa sababu sikubadilisha nauli kwenye ukurasa. Vitu vidogo kama hivi ndivyo vinavyomaliza mtaji, kimyakimya, mwenye biashara akihesabu oda na kufurahi.

Picha zetu ziliibiwa pia. Ukurasa mmoja ulizichukua zote, ukauza, ukala pesa za watu bila kutuma chochote, na waliodhulumiwa wakaja kunilaumu mimi. Nilipoteza usingizi. Nikaamua kwamba kila kikapu nitakitolea video ya mikono inayokisuka, na jina la mteja likiwa limeandikwa kwenye karatasi pembeni. Video ya namna hiyo haiibiki.

Nilipokwenda Makunduchi kuanza kurekodi, msukaji mmoja mzee alijifunika kanga uso. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, watu watampenda. Akanijibu taratibu: "Mwanangu, mimi nauza ukili. Uso wangu siuuzi. Kama wataka, piga mikono." Nilikumbuka kwamba miaka miwili nyuma nilikuwa nimeziweka sura za wanawake kadhaa mtandaoni bila kuwauliza, tena nikaandika kwamba ni masikini wanaohitaji msaada, kwa sababu niliona maneno hayo yanaleta wateja. Mmoja wao mwanawe alimsomea maneno yale. Nilizifuta picha usiku ule, na asubuhi nikaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Si masikini wanaosaidiwa. Ni mafundi wanaolipwa. Sijaliandika tena lile neno.

Wanaoniuliza siri ya biashara hii hutaka kujua saa ya kuweka picha na idadi ya alama za reli. Hayo yana faida yake na mtu anaweza kuyajua kwa wiki mbili. Ninachowaambia ni waende wakakae na msukaji wao siku nzima, wasuke pima moja kwa mikono yao, ndipo warudi waandike siku za kusubiri na bei. Mimi pima yangu ya kwanza ilinichukua kutoka Adhuhuri mpaka Magharibi, na mama mkubwa aliifumua.

Leo tuko na wasukaji 14. Kikapu cha sokoni ni shilingi 48,000, msukaji anachukua 28,000, na foleni ni wiki sita. Mama mkubwa macho yamepungua, hasuki tena. Anakagua. Anakipitisha kikapu mikononi huku akitazama pengine, anavuta ukili kwa kidole gumba, na penye ulegevu anasimama. "Hiki rudisha." Mwezi uliopita alirudisha viwili, na wateja wawili nikawaandikia kwamba watasubiri.